Yamekuja au Yanakuja

Alisema "maji yamekuja" au alisema "maji yanakuja"? Siku zote za matanga hilo ndilo swali lililoninyima usingizi. Silabi moja tu. Nililala chali nikijaribu kumsikia tena keateka wetu, mtunzaji wa nyumba tulizopanga, akipaza sauti kutoka uwanjani. Nilipomwekea "yame" kinywani, sauti yake ilikubali. Nilipomwekea "yana," ilikubali vilevile. Dada yangu alikuwa akinisikia nikigeukageuka, naye aliamka kabla ya alfajiri kwenda kazini Nairobi, kwa hiyo nilijifunza kufikiri bila kutikisika.

Nilisomea ualimu chuo kikuu, Kiswahili na historia, na mpaka leo shahada hiyo haijanipatia darasa. Niliwahi kuandika insha ndefu kuhusu njeo na hali za kitenzi. Kama kuna mtu katika Kitengela yote aliyepaswa kujua tofauti ya "-me-" na "-na-", ni mimi. Na mimi ndiye niliyeulizwa, mbele ya watu, nikajibu, "Sina hakika."

Asiyewahi kuishi huku huenda akashangaa kwamba silabi inaweza kumtia mtu kwenye seli. Lakini Kitengela ni mji wa mitungi. Unaweza kukaa kwenye nyumba yenye vigae na sinki linalong'aa, na ukifungua koki inakupulizia hewa. Maji ya ploti yetu, yaani nyumba zetu za kupanga, yalitoka kwenye kisima cha mwenye ploti, yakafunguliwa siku alizotaka yeye, saa alizotaka yeye, na yalitoka kwenye mfereji mmoja tu, kule chini kabisa ya uwanja kando ya geti la nyuma. Uwanja wenyewe uliteremka. Juu kulikuwa na jengo letu, lenye nyumba za chini na nyumba za ghorofani. Chini kulikuwa na mfereji, geti la mabati na ukuta wa mawe. Nje ya ukuta kulikuwa na korongo kavu. Mbuzi walipita humo. Watu wa bodaboda walilitumia kama njia ya mkato. Sikuwahi kusikia mtu akiliita mto.

Maji yalipofunguliwa, keateka alisimama kwenye mfereji na kuita, nasi tukashuka mbio. Aliyechelewa alikuta pampu ya kisima imezimwa. Kwa kuwa dada yangu ndiye aliyekuwa na mshahara, kazi yangu mimi ilikuwa maji. Niliifanya kama ninavyofanya kila kitu, kwa wasiwasi. Nilianza kuwaza maji hata kabla dramu haijafika nusu.

Jirani aliyekuwa akinicheka kwa hilo alikaa nyumba ya chini, mlango ulioelekeana na ngazi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wawili, mtu wa magharibi kama sisi, mwenye sauti ya kuzoea kupiga kelele juu ya kelele za watoto. Mimi aliniita Digrii.

"Digrii! Uko na mitungi ngapi leo?"

"Nangojea nione kama maji ni safi, Mwalimu. Ile ya juzi ilikuwa na mchanga."

"Ngojea. Wewe maji yatakukuta ukifikiria."

Yeye hakungojea. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni karibu kila mara, na hilo lilikuwa fahari yake. Mitungi yake ya njano ilifanana na ya kila mtu, kwa hiyo alikuwa ameifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kila mtungi, kitambaa kilekile alichowashonea watoto wa shule tai za sherehe. Akikuta mtu amesimama mbele yake, alikuwa akiuvuta mtungi wa mtu huyo taratibu kutoka nyuma mpaka mwenyewe ageuke, kisha wote wacheke. Keateka naye alizoea kumfanyia vivyo hivyo. Alikuwa mtu wa Ukambani, mnyamavu, wa rika la baba yangu, na mchezo huo wa kuvutana mtungi na Mwalimu ndio mzaha pekee niliowahi kumwona akiufanya.

Siku yenyewe, kwetu haikunyesha. Nasema hivyo kwa sababu watu wa mbali huuliza, "Hamkuona mvua?" Tuliona mawingu. Yalikuwa meusi upande wa Ngong tangu asubuhi, na kwenye simu kuna mtu alikuwa ameweka picha ya Matasia, bodaboda zimesimama ukingoni mwa barabara iliyogeuka kijito. Niliitazama picha ile nikawahurumia watu wa Matasia. Kisha nikaenda kukagua dramu letu, ambalo lilikuwa karibu kukauka.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa barazani juu nikianua nguo. Ndipo nikasikia kelele kutoka chini, na neno la kwanza, ambalo hakuna anayelibishia, lilikuwa "Maji!"

Milango ya chini ilifunguka yote pamoja. Nilisikia mitungi mitupu ikigongana, sauti ile ya ngoma nyepesi ninayoijua kuliko wimbo wowote. Niliingia ndani mbio, nikachukua mitungi miwili, nikakuta mmoja hauna kifuniko. Nikaanza kukitafuta. Nikatazama chini ya sinki, nikatazama bafuni, nikajiuliza kama ni afadhali niende bila kifuniko au nichukue ule wa mafuta ya taa ambao dada alikuwa ameukataza. Wakati huo keateka alikuwa akiendelea kuita, na hapo ndipo palipo na silabi yangu. "Maji" kisha "ya," kisha kitu kisha "kuja." Nilikuwa nimeingiza kichwa kabatini.

Nilirudi barazani na mitungi yangu. Mwalimu alikuwa tayari ameshafika karibu na mfereji. Aliinua uso akaniona.

"Digrii! Leo nimekupita tena!"

Nikacheka. Majirani wengine walikuwa katikati ya uwanja, na mmoja wao alikuwa ameanza kupunguza mwendo kwa sababu ya sauti iliyokuwa inatoka nyuma ya ukuta. Ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, ila kokoto hazikuisha.

Ukuta haukubomoka kama nilivyodhani kuta hubomoka. Ulilala. Mawe yaliinama pamoja kuelekea kwetu, kisha kitu cha rangi ya chai ya maziwa kikapita juu yake, na geti la mabati likaja limesimama wima kama mtu anayetembea. Maji yalikuja na mlango wa choo, na matairi, na mbuzi mmoja aliyekuwa bado anapiga miguu. Harufu yake ilikuwa ya dizeli na ya choo. Yalipanda mteremko wa uwanja mpaka kwenye vizingiti vya nyumba za chini, yakaingia ndani, na yalipokuwa yakirudi yalitoka na viti.

Waliokuwa katikati walikimbilia ngazi. Tuliwavuta kwa mikono, kwa nguo, kwa chochote. Keateka alitolewa na vijana wawili akiwa amekumbatia mzizi wa mti uliokuwa pembeni ya mfereji, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika mtungi wa njano wenye kitambaa chekundu. Ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja. Mwalimu hakuwepo.

Alipatikana baada ya maji kupungua, mbali sana upande wa chini. Wachungaji waliokuwa wakitafuta ng'ombe wao ndio waliomwona, amenaswa kwenye matawi ya migunga. Tulipofika, wanawake wa Kimaasai walikuwa wamemfunika kwa shuka zao wenyewe. Mmoja wao alikuwa akimwita Mungu, "Enkai, Enkai," kwa sauti ya chini, bila kutuangalia. Mume wa Mwalimu alipiga magoti kwenye tope na kuanza kumtoa majani kwenye nywele. Aliyatoa kwa uangalifu, jani moja baada ya jingine, mpaka jirani mmoja akamshika mabega akamwinua.

Nyumba za chini zilibaki na mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Tulichota tope kwa sepetu na sufuria. Kwenye nyumba ya Mwalimu kulikuwa na michoro ya watoto wa chekechea imebandikwa ukutani kwa matope, na viatu vidogo vilivyojaa udongo mweusi mpaka juu. Nilivibeba kwenda ghorofani nikavisuuza kwa maji tuliyonunua. Huo ndio uliokuwa msaada wangu.

Matanga yalifanyika sehemu ya juu ya uwanja, chini ya hema la kanisa. Kila jioni watu waliomba, wakaimba, wakapanga safari ya kumpeleka Mwalimu nyumbani magharibi. Na kila jioni, maombi yakiisha, mazungumzo yalirudi palepale. Sijui nani alianza. Nilisikia tu kwamba limekuwa jambo linalojulikana: keateka ndiye aliyewaita watu. Alitangaza maji yamekuja, kana kwamba ni ya mfereji, badala ya kuonya kwamba yanakuja, watu wakashuka kufa.

"Alisema yamekuja," jirani wa mlango wa pili alisema. "Mimi nilisikia na hizi masikio."

"Yanakuja," mkewe akasema. "Si ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimefunga macho. Masikio haifungwi."

"Na si alikuwa na mtungi wa Mwalimu?" akauliza mwingine. "Alikuwa anamnyang'anya mtungi ya nini? Mtu anakufa, wewe unashika mtungi?"

Kaka ya Mwalimu alikuwa amekuja kutoka nyumbani, mtu mrefu aliyezungumza polepole. Alisimama akasema, "Mtu wa maji anajua kuita watu waje kwa maji. Kuwafukuza hajui?"

Mwenye ploti alikuwepo, ameketi mbele na kofia magotini, naye alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema yeye alikuwa amemwonya huyo mfanyakazi mara nyingi kuhusu uzembe. Sikuwahi kusikia onyo lolote. Lakini ukuta ulikuwa wa mwenye ploti, mfereji ulikuwa wa mwenye ploti, na niliona jinsi alivyokuwa akipumua vizuri zaidi kila neno keateka lilipotajwa badala ya neno ukuta.

Kisha mume wa Mwalimu akanitazama. "Wewe ulikuwa juu," aliniambia. "Na wewe ni mtu wa Kiswahili. Alisema nini?"

Nilifungua mdomo. Nikaona watu wote wamegeuka. Nikawaza: nikisema yanakuja na haikuwa hivyo, nimemdanganya mfiwa. Nikisema yamekuja na haikuwa hivyo, nimemfunga mtu.

"Sina hakika," nilisema.

"Unaona?" kaka ya Mwalimu akasema. "Hata huyu amesoma, na hawezi kumtetea."

Shauri likakatwa hapo. Siku ya kuondoka, gari la maiti lingepita kwanza kituo cha polisi, na keateka angeachwa hapo na mtungi wake kama ushahidi. Mpaka siku hiyo angelala kanisani, kwa kuwa chumba chake cha pembeni ya geti kilikuwa kimekwenda na maji, na kijana mmoja wa familia angelala mlangoni.

Nilimwendea mchana mmoja na chai. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, miguu yake imejaa mikwaruzo.

"Mzee," nilimwambia, "ulisema yamekuja ama yanakuja?"

Aliweka kikombe cha chai kwenye benchi. "Mwanangu, mimi sijui," alisema. "Nilisema maji. Hiyo ingine sijui. Nilikuwa naogopa."

"Jaribu kukumbuka."

"Wewe ungesema aje?"

Swali hilo nalo nilikwenda nalo kitandani. Kuna neno mafuriko, lakini hilo ni neno la redio na la vitabu vya shule. Sijawahi kusikia mtu wa kawaida akitoka nje na kupiga kelele "Mafuriko!" Mto ukija, tunapiga kelele ya kile tunachokiona, maji. Na sisi, ambao kila siku tulikuwa tukiombea neno hilo, tulilisikia tukashika mitungi.

Niliwaza hivyo mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Usiku wa mwisho dada yangu, ambaye nilidhani amelala, akasema gizani, "Hebu wacha hiyo kitu ya kusikia. Uliona nini?"

"Nini?"

"Umekuwa ukisema kusikia, kusikia. Macho ulikuwa umeyaweka wapi? Uliona nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa mara ya kwanza, na nilipokuwa nikimwambia nikatambua kwamba sikuwa nimewahi kulihesabu kuwa jibu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza hilo.

Niliona keateka ameacha mfereji. Hakuwa ameufungua, hapakuwa na maji yoyote kwenye simenti, ilikuwa kavu na nyeupe. Alikuwa anakimbia kupanda uwanja, kandambili moja imemtoka. Mwalimu alikuwa anashuka. Walikutana. Keateka alimpita, akashika kile kitambaa chekundu cha mtungi wake akauvuta kupanda, na Mwalimu akauvuta upande wake, akicheka, kwa sababu huo ulikuwa mchezo wao. Alivuta tena. Uso wa keateka sikuuona, alikuwa amenipa mgongo, niliona tu mabega ya Mwalimu yakitikisika kwa kicheko. Ndipo Mwalimu akaniona juu akaniambia amenipita. Ndipo ukuta ukalala.

Dada yangu aliketi kitandani. Kisha akasema, "Na hukusema?"

"Nitamwambiaje mumewe kwamba alikuwa anacheka? Kwamba angeachilia mtungi tu, angekuwa hai?"

"Sijui utamwambiaje," alisema. "Lakini kesho wanampeleka huyo mzee."

Asubuhi gari lilikuwa limesimama barabarani, na jeneza lilikuwa chini ya hema. Watoto wa Mwalimu walikuwa wamevaa vile viatu nilivyoviosha. Vilikuwa vimekakamaa, na mdogo alikuwa akitembea kama anayekanyaga changarawe. Keateka alikuwa amesimama karibu na gari, kati ya vijana wawili. Kaka ya Mwalimu alikuwa ameushika mtungi. Mchungaji alimaliza maombi akauliza kama kuna jirani mwenye neno fupi kabla ya safari.

Nilikuwa nimepanga sentensi. Nilikuwa nimeziandika kichwani kwa mpangilio, nikaondoa neno "kucheka," nikalirudisha, nikaliondoa tena. Niliposimama zote zilitoweka. Nilitembea mpaka kwa kaka ya Mwalimu nikanyoosha mkono.

"Naomba huo mtungi."

"Wa nini?"

"Nataka kumwonyesha shemeji yako kitu. Nimeulizwa nilisikia nini. Sikusikia. Lakini niliona."

Alimtazama mume wa Mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa. Tulishuka uwanjani, mimi na wao wawili, na watu wakatufuata mpaka kwenye ukingo wa tope kavu. Kule chini mfereji ulikuwa bado umesimama, umepinda, na nyuma yake palikuwa wazi mpaka ng'ambo ya korongo.

Nilimwambia kaka ya Mwalimu asimame upande wa chini, mgongo wake uelekee kwetu sote kama ulivyokuwa wa dada yake alipokuwa akishuka, ashike mkono wa mtungi. "Hapo ndipo alipokuwa Mwalimu," nilisema. Mimi nikamzunguka. Nilitaka kusimama pale keateka aliposimama, na ndipo nikaona kosa langu la mpangilio: keateka alikuwa akipanda, alikuwa ameshampita. Nikarudi juu, upande wa ngazi. Nilimwambia ageuke anitazame. Nikashika kitambaa chekundu. Kilikuwa kigumu kwa tope.

"Alikuwa hapa," nilisema. "Mfereji alikuwa ameuacha. Hakuwa ameufungua. Na mtungi aliuvuta hivi."

Nikavuta kuelekea ngazi. Kaka yake hakuwa tayari. Alipiga hatua moja kuja juu.

"Akavuta tena," nikasema, nikavuta tena, naye akapiga hatua nyingine, mkono wake bado umeshika mtungi, macho yake yamenikazia.

"Na yeye?" mume wa Mwalimu akauliza nyuma yetu. "Mke wangu alifanya nini?"

Nilimgeukia. Nilimwona keateka kule juu kwenye gari, ameinamisha kichwa, na wale vijana wawili wamemwachia mikono bila kujua kwamba wamemwachia.

"Alicheka," nilimwambia. "Alidhani ni ule mchezo wao wa foleni. Akavuta upande wake."

Nikamwambia kaka ya Mwalimu avute, ili mume aone. Hakuvuta. Alibaki ameushika mtungi, na mimi nimeshika kitambaa, tukiwa tumesimama hivyo kwenye mteremko, mpaka yeye alipofungua vidole, akaniachia mtungi uliokuwa uwe ushahidi.